Vifaa vya baiskeli za milimani, miamba na skii jijini Nairobi: kipi kinunuliwe dukani na kipi sokoni

Mkaazi wa Nairobi anayetaka kuendesha baiskeli msituni Karura, kupanda miamba ya Lukenya au kusafiri kwenda kuteleza kwa skii kwenye theluji ana njia tatu za kujipatia vifaa: maduka ya michezo yaliyo ndani ya majengo makubwa ya biashara, masoko ya mitumba kama Toi na Gikomba, na mafundi, vilabu na wakodishaji ambao hupatikana kwa kuulizia. Nimenunua kwa njia zote tatu, na katika tathmini hii ninazipima kwa maswali mawili tu. La kwanza ni kama historia ya kifaa inaweza kuthibitishwa. La pili ni kama, siku kitakapoharibika, yuko fundi wa hapa anayeweza kukirudisha kazini. Kwa kamba ya kupandia, swali la kwanza ndilo lenye uzito wote. Kwa baiskeli, la pili ndilo linaloamua. Kwa jaketi, hakuna kati ya hayo mawili linalopaswa kumnyima mtu usingizi.

Nianze na baiskeli, kwa kuwa ndiyo inayomeza pesa nyingi zaidi na ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi zaidi. Duka kubwa la bidhaa mchanganyiko litakuonyesha baiskeli yenye springi mbele na nyuma, rangi zinazowaka na gia ishirini na moja, kwa bei ambayo duka la wataalamu huuzia foki ya mbele peke yake. Umbo lake ni la milimani lakini uwezo wake ni wa barabara za mtaani. Springi ya nyuma ya bei hiyo ni chuma kizito kisichoweza kurekebishwa kulingana na uzito wa mwendeshaji. Kila unapokanyaga pedali ukipanda kilima, sehemu ya nguvu zako hupotea katika kudunda kwake, na baada ya msimu mmoja wa mvua viungo vyake huanza kucheza. Kwa fedha hizo hizo zikiongezwa kidogo, baiskeli yenye springi za mbele tu na fremu ngumu nyuma itakupa breki bora, magurudumu imara na uzito mdogo.

Njia za Karura, msitu wa takriban hekta 1,000 ulio kaskazini mwa jiji, hazidai springi za nyuma. Hata Hell's Gate, hifadhi iliyo karibu na Naivasha ambako mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga, sehemu kubwa ya safari ni barabara ya vumbi na changarawe. Anayezihitaji springi za nyuma ni yule anayeshuka milima ya Ngong kwa kasi juu ya mawe, au yule ambaye mgongo wake umeshaanza kulalamika, na huyo hana budi kujitayarisha kulipa bei ya springi nzuri.

Kipimo cha fremu ndicho kinachopuuzwa zaidi na wauzaji. Maduka mengi huagiza saizi ya kati kwa wingi, kisha humshawishi kila anayeingia kwamba saizi ya kati inamfaa. Simama ukiipitisha miguu pande zote mbili za baiskeli, mbele ya tandiko: pawepo nafasi ya kutosha kati ya bomba la juu na mwili wako, kwa maana siku utakapolazimika kuruka chini ghafla kwenye mteremko, bomba hilo halitakuhurumia. Kisha keti, ushike usukani, na uone kama viwiko vinaweza kukunjika kidogo bila mgongo kunyooka kama ubao. Tandiko huinuliwa na kushushwa, lakini urefu wa fremu haubadiliki. Hapa maduka yenye wataalamu yanastahili sifa: lile ninalolitumia zaidi liliniacha niizungushe baiskeli kwenye maegesho kwa muda nilioutaka, na muuzaji akanishauri nisubiri saizi ndogo ije badala ya kuniuzia iliyokuwepo.

Katika suala la magurudumu, ninatofautiana na ushauri wa maduka. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoshushwa kutoka Ulaya zina magurudumu ya inchi 26, kipimo kilichotawala baiskeli za milimani hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010, kabla ya 27.5 na 29 kushika soko. Watengenezaji wakubwa wameachana nacho, na muuzaji atakuambia kwamba ni kipimo kilichokufa. Nairobi bado kiko hai. Tyubu na tairi za inchi 26 huuzwa hata katika vibanda vya mafundi wa mitaani, ambapo za 29 humlazimu mtu kurudi kwenye duka alikonunulia. Gurudumu kubwa hupita juu ya mizizi na mawe kwa urahisi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini anayeanza, mwenye bajeti ndogo, na ambaye hatakosa pancha, atahudumiwa vyema na 26 iliyo katika hali nzuri.

Breki ndizo zinazostahili muda mrefu zaidi wa kufikiri. Udongo mwekundu wa Karura, msimu wa mvua ndefu kati ya Machi na Mei, hugeuka kuwa tope linalonata kwenye rimu na kuzisaga pamoja na mipira ya breki, kwa hiyo breki za diski si anasa hapa. Za diski zinazovutwa kwa waya ni rahisi kwa fundi yeyote, na waya wake hupatikana kila mahali, ila huhitaji kukazwa mara kwa mara na kwenye mteremko mrefu vidole huchoka. Zinazotumia mafuta hushika kwa nguvu ya kidole kimoja. Hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuuliza swali ambalo wauzaji wengi hawalitarajii: breki hizi zinakunywa mafuta gani?

Breki za Shimano hutumia mafuta ya madini, wakati breki nyingi za SRAM zimekuwa zikitumia mafuta ya DOT, jamii ile ile inayotumika katika magari. Aina hizo mbili hazichanganywi kamwe. Mipira ya ndani iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya madini huvimba na kuharibika ikiguswa na DOT, na kinyume chake ni vivyo hivyo. Mtu akifuata ushauri wa mitandao ya Ulaya atachagua mafuta ya madini kwa kuwa hayachubui rangi wala ngozi. Hapa Nairobi hesabu ina upande wa pili: chupa ya DOT 4 inauzwa katika kila duka la vipuri kando ya Barabara ya Kirinyaga, na kwenye kituo cha mafuta usiku wa manane, ilhali mafuta ya madini ya baiskeli hupatikana katika maduka machache tu na wakati mwingine huisha kwa wiki nzima. (DOT 5, ambayo ni ya silikoni, iachwe kabisa, jina lake linafanana na DOT 5.1 lakini ni kitu kingine.) Duka moja la jijini, ambalo sitalitaja, lilizijaza breki zangu mafuta yasiyo yake kwa sababu ndiyo yaliyokuwa rafuni, likanitoza ada ya huduma kamili, na baada ya muda mfupi wenzo wa kushoto ukawa unaingia hadi kwenye usukani bila gurudumu kusimama. Tangu hapo husimama karibu na fundi na kusoma maandishi yaliyo kwenye kifuniko cha tangi dogo la breki kabla chupa haijafunguliwa.

Kwenye mtumba wa baiskeli, nenda na rula. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza baiskeli zilizopangwa kando ya barabara aliniambia, "Hii ni safi kabisa, dada, imetoka Ujerumani juzi," na fremu yake kweli ilikuwa safi. Nilimwomba aishike cheni ikazwe, nikaweka sifuri ya rula katikati ya pini moja, nikahesabu pini ishirini na nne. Cheni mpya hufika inchi 12 kamili. Hii ilikuwa imepita inchi 12 kwa kiasi cha moja ya nane, maana yake ni kwamba haikuwa cheni peke yake iliyokwisha: meno ya gia za nyuma nayo yalikuwa yamechongeka kufuata ulegevu wake, na ukiweka cheni mpya juu ya meno hayo itaruka kila unapokaza mwendo kupanda mlima. Ikiwa imepita kwa moja ya kumi na sita tu, cheni mpya hutosha. Kijana aliangalia rula, akacheka, akapunguza bei kwa kiasi kilichotosha kununua gia mpya, na tukaelewana. Siku hizi naambiwa anayo rula yake mwenyewe.

Baada ya cheni, pitisha kidole polepole chini ya kiungo cha bomba la mbele na bomba la chini, mahali ambapo usukani huingia kwenye fremu. Ufa wa aluminiamu huanzia hapo, na mara nyingi huonekana kama mkwaruzo wa rangi unaozunguka bomba badala ya kwenda nao. Fremu ya aluminiamu yenye ufa haichomelewi mtaani ikaaminika. Ya chuma huchomelewa. Fremu ya kaboni ya mtumba siinunui kwa bei yoyote, kwa kuwa pigo la ndani halionekani kwa macho na hakuna anayejua ilianguka mara ngapi huko ilikotoka.

Kuhusu miiba ya migunga: anayeendesha Hell's Gate au kuteremkia upande wa Magadi atatobolewa, na asubuhi moja yenye pancha nne humfundisha mtu uvumilivu asioutaka. Mfumo wa tairi bila tyubu, wenye majimaji ya gundi ndani yanayoziba tundu lenyewe, ndiyo gharama ninayoiona yenye faida kuliko zote katika baiskeli. Majimaji hayo hukauka haraka zaidi penye joto, kwa hiyo yakaguliwe kila baada ya miezi michache, na rimu ziwe zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Mwenye rimu za kawaida anaweza kutia gundi ya aina hiyo ndani ya tyubu. Tairi lenye vinundu vilivyoachana huangusha tope la Karura. Lenye vinundu vilivyobanana hugeuka mandazi. Zaidi ya hapo, sioni haja ya kubishana kuhusu tairi.

Kwenye miamba msimamo wangu unageuka kabisa. Kamba, mkanda wa kiunoni na kitanzi chochote cha nailoni vinunuliwe vipya, dukani, kwa risiti, na kama haiwezekani basi safari iahirishwe. Nailoni haionyeshi kila jeraha lake. Tindikali ya betri iliyomwagika kwenye buti la gari inaweza kuila kamba bila kubadilisha rangi yake kwa namna itakayokushtua, na jua la huku, ambalo kwa mwaka mzima hutupiga karibu wima, huidhoofisha taratibu. Gikomba niliwahi kuona kamba nzuri sana ya buluu yenye nyuzi nyekundu, imekunjwa vizuri, karibu na rundo la mahema. Nilipoigusa, mama mwenye kibanda aliniuliza naitakia nini, nikamwambia. "Hapana, mama, hiyo ni ya kufungia mizigo," akasema, na akaiweka chini ya meza. Sijawahi kukutana na mhudumu wa duka aliyenipa ushauri wa usalama ulio wazi kama huo.

Hata kamba mpya zina aina zake, na kosa la duka la vifaa vya ujenzi ni kuziuza zote kwa jina moja. Kamba ya kupandia hunyumbuka: mpandaji akianguka, hurefuka na kumsimamisha polepole, ili pigo ligawanyike kati ya kamba, mwili na vishikizo vya mwambani. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 892 kinataka kamba inayotumiwa moja peke yake ivumilie mianguko isiyopungua mitano ya majaribio ikiwa na uzito wa kilo 80, na pigo la mwanguko wa kwanza lisizidi kilonewtoni 12 (kilonewtoni moja ni kama uzito wa kilo mia moja). Kamba isiyonyumbuka, ya EN 1891, ni ya kuteremkia, kuokolea na kuvutia vitu. Ina nguvu nyingi, na kwa sababu hiyo hiyo wauzaji huisifu, lakini anayeongoza njia mwambani akianguka juu yake atapata pigo ambalo mwili haukuumbwa kulipokea. Kamba za plastiki za kuanikia na za katani hazistahili hata sentensi ya pili.

Kwa matumizi ya karibu na Nairobi, kamba ya mita 60 yenye unene wa karibu milimita 10 ndiyo inayofaa kuanzia. Nyembamba ya milimita 9.2 ni nyepesi mgongoni, lakini huchakaa haraka kwenye mwamba mkavu unaokwaruza, na mikononi mwa mtu anayejifunza kumshikia mwenzake huteleza upesi. Urefu nao una sababu. Fischer's Tower pale Hell's Gate, nguzo ya mwamba wa volkano ambayo wengi huijaribu mwanzo, ina urefu wa karibu mita 25; kamba ya mita 60 ikikunjwa mara mbili hukupa mita 30, na unafika chini ukiwa na akiba. Ya mita 40, ambayo duka moja hulisifia bei yake, ingekuacha unaning'inia ukiwa na mita tano za kufikiria. Funga fundo kwenye ncha zote mbili kwa vyovyote vile.

Karabina, pete yenye mlango ya kuunganishia kamba, husomwa kama hati. Ubavuni kuwe na nguvu yake kwa urefu, kwa upana na ikiwa mlango uko wazi, kwa kilonewtoni. Kiwango cha EN 12275 kwa zile za kawaida ni angalau 20, 7 na 7. Kuwe pia na alama ya Ulaya ya CE yenye tarakimu nne au ya UIAA, muungano wa kimataifa wa vyama vya milima. Zile ndogo za rangi zinazouzwa mitaani pamoja na vishikio vya funguo hazina maandishi hayo, au zina onyo kwa herufi za kusoma kwa darubini kwamba si za kupandia. Katika kifaa cha chuma ninalegeza kamba kidogo: karabina ya mpandaji unayemfahamu, isiyo na mfereji uliochimbwa na kamba, ambayo mlango wake hujifunga wenyewe bila kusita, inaweza kurithiwa. Ya sokoni siinunui.

Mkanda wa kiunoni una lebo iliyoshonwa ndani, na lebo hiyo ina tarehe ya kutengenezwa. Isome kabla ya bei. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka kumi kwa vitu vya nailoni hata kama havijawahi kutoka kwenye mfuko, na nimewahi kuonyeshwa dukani mkanda uliopunguzwa bei kwa ukarimu ambao nusu ya maisha yake ilikuwa imeishia rafuni. Uvae, uning'inie, duka lisilo na mahali pa kuning'inia lina haki ya kuuza mipira ya soka, lakini mkanda linauza kwa kubahatisha.

Kifaa cha kumshikia mwenzako kamba ni cha aina mbili kwa mtu wa kawaida. Kipo kidogo chenye matundu mawili, ambacho ni rahisi, chepesi na kinakubali kamba mbili za kuteremkia. Kipo pia kinachojifunga chenyewe kamba inapovutwa ghafla, ambacho Grigri ya kampuni ya Petzl ndiyo maarufu zaidi. Ukumbini, kwenye kuta za ndani, cha pili kina raha yake. Lakini kwa Lukenya na Hell's Gate, ambako huenda ukateremka kwa kamba iliyokunjwa mara mbili, cha kwanza ndicho cha kununua mapema. Tofauti ya bei inatosha kununua karabina nzuri zenye kufuli.

Viatu ndivyo pekee ambavyo miamba huniruhusu kwenda navyo mtumbani. Toi huwa na viatu vya kupandia vilivyopotelea katikati ya raba za mazoezi, na wauzaji huvitazama kwa mashaka kwa kuwa havina kisigino cha maana na vimekunjika puani kama mdomo wa kasuku. Angalia ncha ya dole gumba: kama mpira umeisha na kitambaa kinachungulia, viache, kwa sababu mafundi wetu wa viatu, pamoja na ustadi wao wote, hawana mpira laini wa aina ile. Vijaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo. Vidole vigusane na mbele, vikunjike kidogo, visiumie. Wale wanaokwambia kwamba maumivu ni dalili ya kiatu kizuri wanazungumzia mashindano, nawe unaenda kushinda juani siku nzima.

Kabla ya kununua kamba hata moja, mtu angetembelea kwanza Mountain Club of Kenya, klabu iliyoanzishwa mwaka wa 1949 na yenye makao yake Uwanja wa Ndege wa Wilson. Njia nyingi za Lukenya na Hell's Gate hulindwa kwa vifaa ambavyo mpandaji huviingiza mwenyewe kwenye nyufa na kuviondoa anapopita, na elimu ya kuviweka hainunuliki dukani. Anayeanza anahitaji vya kwake vinne tu: mkanda, helmeti, viatu na kifaa cha kushikia kamba pamoja na karabina yake yenye kufuli. Kamba na vingine atavikuta kwa wenye uzoefu, atajifunza navyo, kisha atajua anunue nini. Ni kweli kwamba mwaka wa 1943 wafungwa watatu wa vita wa Kiitaliano walitoroka kambi yao ya Nanyuki, na wawili kati yao wakaupanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana kwa kamba walizosokota kutokana na katani ya vitanda na vyuma walivyochonga kwa siri, lakini hao hawakuwa na duka la kuchagua, na walishindwa kufika Batian, kilele cha juu kabisa.

Helmeti huchanganywa mno. Ya baiskeli, kwa kiwango cha EN 1078, imetengenezwa kwa ajili ya kichwa kinachogonga ardhi, na povu lake hupondeka mara moja ili kuokoa ubongo. Ya kupandia, EN 12492, hupimwa pia kwa jiwe linaloangukia utosini. Ya skii ni EN 1077. Zipo chache zinazokidhi zaidi ya kiwango kimoja, na lebo ya ndani itasema hivyo waziwazi. Ya bodaboda haisaidii katika yoyote kati ya michezo hii, kwa joto lake na uzito wake. Helmeti ya mtumba ni marufuku kwangu, kwa sababu povu lililokwisha kupondeka hujificha vizuri chini ya plastiki inayong'aa.

Maduka ya ndani ya majengo makubwa, kwa jumla, nayapa sifa kwa risiti, kwa kubadilisha saizi bila ugomvi na kwa kuuza helmeti zenye lebo halisi. Nayakosoa kwa wahudumu wanaojua viatu vya mpira wa miguu kwa undani lakini wakifika kwenye kamba husoma kijikaratasi pamoja nawe. Kuagiza kutoka ng'ambo kunapanua uchaguzi, ila asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa juu ya bei, usafiri na ushuru vikijumlishwa, na mkanda usiokutosha hautarudi ulikotoka kwa gharama yoyote ya busara.

Skii zimebaki, na kwa Nairobi maelezo yake ni mafupi. Mkenya Philip Boit alilazimika kwenda Finland kujifunza kabla ya kushiriki Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998, alikomaliza wa mwisho katika kilomita 10 na kumkuta bingwa Bjørn Dæhlie akimsubiri kwenye utepe. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya mwaka wa 2018 huko Pyeongchang, alikulia Austria. Theluji haijatusogelea tangu wakati huo. Vituo vya theluji vilivyo karibu zaidi na uwezo wa wengi ni Afriski, kwenye milima ya Maluti nchini Lesotho, iliyo juu ya mita 3,000 na yenye msimu wa kati ya Juni na Agosti, na Oukaïmeden nchini Morocco.

Mavazi yake, hata hivyo, yamejaa Toi na Gikomba, na hapa mtumba unashinda duka bila kupumua. Beli la nguo za baridi likifunguliwa alfajiri, wanaochagua kwanza huondoka na majaketi ya skii ambayo yakiwa mapya yangegharimu mshahara. Wapanda Mlima Kenya wamekuwa wakiyavaa hadi Lenana, mita 4,985, kwa miaka mingi. Ligeuze jaketi ndani nje. Utaona utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono; ukiwa umeanza kubanduka begani au kwenye kofia, maji yatapita hapo. Kisha sugua kitambaa cha ndani kwa dole gumba: kikinata kama gamu au kikiacha unga mweupe, utando wa kuzuia maji umeoza, na hakuna dawa itakayourudisha. Kama maji yanaloweka kitambaa cha nje tu badala ya kuteleza, hilo ni jambo dogo. Dawa ya kupaka ipo. Angalia pia zipu ya chini kabisa, mahali meno mawili ya kwanza yanapokutana, kwa kuwa ndipo zipu nyingi hufia. Glavu za vidole viwili na miwani mikubwa ya theluji hupatikana katika vibanda hivyo hivyo, kwa bei ya chakula cha mchana.

Buti za skii nazo huonekana, nzito kama matofali, na vijana huzinunua kwa mzaha. Ziachwe. Plastiki yake hukauka kwa miaka na inaweza kupasuka mguuni bila onyo, na hata zikiwa nzima, vishikizo vinavyozifunga kwenye skii hurekebishwa na fundi kulingana na uzito, umri, urefu wa soli na ustadi wa mtelezaji, ili viuachie mguu anapoanguka badala ya kuuvunja goti. Huduma hiyo, pamoja na buti, skii na fimbo, hukodishwa kwenye vituo vyenyewe vya theluji. Pima mguu wako kwa sentimita kabla ya kuondoka, kwa kuwa saizi za buti hizo huandikwa hivyo, na kwenye begi tia jaketi, glavu, miwani na soksi ndefu za sufi jozi mbili. Soksi hizo, kwa vyovyote, nunua mpya.